Saa saba mchana ya Hiroshi Nagai

Wiki iliyopita nilikuwa Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, namalizia boti ya jamaa mmoja, nimeshapiga msasa, praima imekauka, nimebakiza jina tu ubavuni, na ilikuwa saa saba mchana jua limesimama utosini kabisa. Kama unaijua Kibirizi unajua hiyo saa inavyokuwa. Asubuhi pale hata simu yako ikiita husikii, dagaa wanashushwa, wamama wanavutana na madalali kwenye bei, bodaboda, mizigo ya kwenda vijiji vya kaskazini, kelele tupu, lakini ikifika saa saba ni kama mtu kazima redio. Wavuvi wamelala maana usiku kucha walikuwa ziwani na taa zao, dagaa wametandazwa wanakauka wenyewe, mbwa kajikunja chini ya mtumbwi, na ziwa linakuwa bluu ile ambayo ukiipaka kwenye ubao mtu atakwambia umezidisha. Nikasimama na brashi mkononi nikasema hii ni picha ya Nagai. Nilisema kwa sauti kabisa, hakukuwa na mtu wa kunisikia.

Hiroshi Nagai ni mchoraji wa Kijapani, amezaliwa 1947, na kama umewahi kuona popote mtandaoni picha ya bwawa la kuogelea, maji yametulia kama kioo, miti ya jamii ya minazi miwili mitatu, labda gari la Kimarekani la zamani limepaki, anga la bluu halina wingu, na hakuna mtu hata mmoja, basi uwezekano mkubwa umeona kazi yake au kazi ya mtu aliyemuiga. Picha zake ndo zimekuwa sura ya muziki mzima wa Kijapani unaoitwa siti popu (city pop). Yani ukitaja siti popu mtu haoni mwimbaji kwanza, anaona bwawa.

Mi nilimjua kwa njia ya kuviziana na bando la usiku. Kazi yangu mchana ni mabango, boti, kuta za maduka na saluni, na usiku natengeneza makava ya nyimbo za vijana wa hapa Mwanga na Ujiji kwa simu. Sasa ilikuwa kama saa nane usiku nimeacha YouTube inajiendea, ikaniletea mkusanyiko wa nyimbo za Kijapani, saa nzima na kitu, na picha moja tu imeganda pale juu muda wote, bwawa, kivuli, anga. Kijapani sijui hata neno. Nilibonyeza kwa sababu ya ile picha tu na nikaukuta muziki mtamu, besi ya fanki, magitaa yanakwaruza taratibu, vinanda, sauti laini, muziki wa mtu anayeendesha gari usiku na hana haraka. Nimesikiliza mpaka adhana ya alfajiri. Afu nikagundua kitu ambacho ndo kimenifanya niandike hapa leo, kwamba nilikuwa nausikia ule muziki kupitia ile picha, yani picha ilikuwa imeshaniambia nisikilize nini kabla gitaa la kwanza halijaingia.

Siti popu ni muziki wa Japani wa mwisho wa miaka ya 1970 kuingia miaka ya 1980. Kipindi kile pesa ilikuwa inaingia kwao, magari yana redio kaseti, 1979 Sony wakatoa Walkman mtu akawa anatembea na muziki wake masikioni peke yake barabarani, na waimbaji wao wakawa wanachanganya soul na fanki na jazi ya Marekani na lugha yao wenyewe. Ukisoma kijuujuu utadhani ni muziki wa watu waliokuwa na mabwawa ya kuogelea nyumbani. Hapana. Kati ya waliokuwa wanausikiliza kulikuwa na watu wa maofisini wanaokaa kwenye vyumba vidogo Tokyo na wanabanana kwenye treni asubuhi na jioni. Lile bwawa hawakuwa nalo. Na Nagai mwenyewe hakukulia kwenye bwawa.

Huyu mzee katokea Tokushima, mji ulioko kwenye kisiwa cha Shikoku, mkoani huko mbali na Tokyo. Alianza kazi ya michoro na matangazo mwaka 1970, na 1978 akaanza kujitegemea. Katikati hapo, miaka ya 1970, alisafiri Marekani, akafika na Guam, kile kisiwa cha Pasifiki kilicho chini ya Marekani, na huko ndo alipokutana na lile jua, ile miti mirefu, yale majengo meupe ya chini, zile barabara pana zisizo na mtu. Alikuwa anapenda sana sanaa ya pop ya Marekani, ile inayochukua vitu vya matangazo na vya kila siku, na ule uchoraji wa kufanana na picha ya kamera mpaka unashangaa. Na alikuwa mkusanyaji wa santuri, hasa soul, mpaka leo ana sifa ya kukusanya santuri na anapiga kama diijei. Kwa hiyo usifikiri alikuwa mchoraji aliyeletewa kazi ya muziki na hajui muziki, hapana, masikio yalikuwa yanafanya kazi pamoja na mkono.

Mi nimezaliwa mwisho wa reli. Watu wa Dar wakisema Kigoma mwisho wa reli wanamaanisha huko ndo dunia inaishia, sisi tunajua reli inaishia palepale ziwa linapoanzia, na upande wa pili kuna Kongo nzima. Kwa hiyo mtu kutoka mkoani anayechora sehemu ya mbali aliyoitamani, na akaichora mpaka watu wa mji mkuu wakaanza kuitamani kupitia yeye, namuelewa vizuri sana. Nilipokuwa mdogo sisi huku tulikuwa tunalitamani jiji ambalo hatujalifika, na kwenye kuta za saluni tukawa tunachora maghorofa.

Sasa njoo kwenye kazi yake iliyobeba kila kitu. Kuna mwanamuziki anaitwa Eiichi Ohtaki, naye mtu wa mkoani, Iwate, kaskazini huko. Jina lake kwa maandishi yao linabeba maana ya maporomoko makubwa ya maji, ndo maana lebo yake ya muziki aliiita Niagara, hiki kitu kilinifurahisha sana nilipokijua. Mwaka 1979 Ohtaki na Nagai walitoa kitabu cha picha kinaitwa A Long Vacation, likizo ndefu, picha za Nagai na maneno ya Ohtaki. Albamu yenye jina hilohilo ikatoka tarehe 21 Machi 1981. Angalia mpangilio huo. Picha zilitangulia! Mi kazi yangu siku zote ni ya mwisho, nyimbo imesharekodiwa, imeshamiksiwa, dogo ananitumia meseji saa nne usiku anataka kava kesho asubuhi, na wale mabwana walianza na picha, afu nyimbo zikaja kukaa ndani ya picha kama watu wanaohamia kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa.

Albamu ikauza mpaka ikavuka nakala milioni moja. Na Oktoba 1982 Japani walipoanza kuuza CD kwa mara ya kwanza duniani, hiyo albamu ilikuwa kwenye lile fungu la kwanza kabisa. Fikiria mtu anashika CD ya kwanza maishani mwake, kitu kinang'aa, na juu yake kuna lile bwawa.

Ukiusikiliza huo muziki wa Ohtaki halafu ukaangalia kava utaona kitu cha ajabu. Ohtaki alikuwa mfuasi wa ule mtindo wa mtayarishaji wa Kimarekani Phil Spector, wanauita ukuta wa sauti, unajaza studio wanamuziki kibao wanapiga kwa pamoja, magitaa kadhaa yanapiga kitu kilekile, piano zaidi ya moja, ngoma, kayamba, mpaka huwezi kutenganisha nani ni nani. Muziki umejaa hauna pa kutia mguu. Na kava halina mtu. Mi ningepewa ule muziki ningejaza kava, ningeweka mwimbaji katikati, miwani, gari, moto kwa nyuma, herufi za dhahabu, ndivyo nilivyokuwa nafanya miaka yote. Yeye akaacha wazi. Na kwa sababu ameacha wazi ule muziki unapata pa kwenda, unasikia wale wapigaji wote wanajaza lile bwawa.

Halafu kuna habari ya mashairi. Sehemu kubwa ya maneno ya albamu ile kaandika Takashi Matsumoto, ambaye na Ohtaki walikuwa bendi moja zamani, Happy End, Matsumoto akiwa mpiga ngoma. Bendi hiyo ndo ilikuwa inaimba roki kwa Kijapani wakati watu wanabishana kama roki inaweza kuimbwa kwa lugha isiyo Kiingereza, hiyo nayo ingetosha kuandikiwa siku nyingine. Sasa mwaka 1980 wakati wanaandaa albamu, Matsumoto akafiwa na mdogo wake wa kike, binti ambaye alikuwa na matatizo ya moyo tangu utotoni. Akashindwa kuandika. Amesimulia kwamba alikuwa anatembea mjini Tokyo na rangi zote zimepotea, mji mzima umekuwa kama picha ya zamani nyeusi na nyeupe. Akamwambia Ohtaki tafuta mtu mwingine wa kuandika. Ohtaki akasema atasubiri. Na akasubiri kweli, albamu ikachelewa, na Matsumoto alipoweza kushika kalamu tena yakatoka maneno ya nyimbo inayofungua albamu, mtu anasema kumbukumbu zake hazina rangi na anaomba apakiwe rangi tena.

Niliposoma hiyo habari nilikaa kimya kwa muda mrefu. Kwa sababu kwenye kava la hiyo albamu kuna rangi zote, bluu mpaka inauma, kijani, nyeupe, na hakuna mtu.

Baba yangu ndo alinifundisha kuandika boti. Alikuwa na mkono ambao hata sasa sijaufikia, herufi zake zilikuwa zimelala kidogo upande wa kulia kama zinasukumwa na upepo, na alikuwa hapimi na rula, anasimama mbali anaangalia ubavu wa boti, anafumba jicho moja, anakuja anaandika moja kwa moja mpaka mwisho na nafasi inatosha. Alifariki mwezi wa nane, kiangazi, ziwa limekaa vizuri. Tukatoka makaburini, watu wamerudi nyumbani kula, mi nikashindwa kukaa na watu, nikateremka peke yangu mpaka ufukweni. Ilikuwa hiyohiyo saa saba. Na ziwa lilikuwa bluu vilevile, milima ya Kongo imetulia kule ng'ambo, anga halina wingu, kila kitu kizuri mno mpaka nikaona kama nimetukanwa. Afu zikawa zimepangwa pale boti kama sita saba zimevutwa mchangani, na kwenye nne za kwanza mwandiko ulikuwa wa baba. Herufi zile zimelala kulia. Mwenyewe hayupo, na jua linazipiga kama amemaliza kuziandika sasa hivi.

Kwa hiyo watu wakisema picha za Nagai ni za starehe, za likizo, za kufurahia, mi nakubali nusu. Hiyo nusu nyingine ni kwamba kuna mtu alikuwepo hapo na ameondoka, kiti kipo, gari lipo, maji yametulia maana hakuna aliyeruka ndani muda mrefu. Sijui kama yeye alikusudia hivyo na wala sihitaji anithibitishie. Ndo ninachokiona kila nikiitazama.

Nikaanza kumuiga, na hapo ndo nikajua huyu mzee ni fundi kiasi gani. Yeye anatumia rangi za akriliki, mi nikatumia nilichonacho, rangi za mafuta za kopo kwenye plaiwudi. Mara ya kwanza nikachora bwawa, miti, anga, kila kitu kama chake, likatoka bango la gesti. Nikarudia, tena gesti. Nikakaa nikaangalia kazi zake kama kumi hivi nikizivuta kwa vidole kwenye simu mpaka nikaona tofauti, kivuli. Kivuli chake ni kifupi na kina ukingo mkali kama kimekatwa kwa wembe, na hakijapakwa nyeusi, kina bluu ndani au zambarau. Mi nilikuwa naweka vivuli virefu vya jioni kwa sababu jioni ndo saa tunayoisifia, machweo ya Ziwa Tanganyika kila mtu anapiga picha, rangi ya chungwa kila mahali. Nagai machweo anayo na picha za usiku anazo, lakini jina lake limejengwa na mchana mkali, saa ambayo mchoraji mwenye akili zake anaingia ndani kupumzika. Saa saba kivuli kinajificha chini ya kitu chake. Ukikiweka vizuri mtu anahisi joto kabla hajajua kwa nini.

Kitu cha pili ni mstari ambapo maji yanakutana na anga. Anaunyoosha kabisa, hautingishiki, na kila kitu kingine kinasimama juu ya huo mstari kama kinaupimia. Hiyo sisi tunayo bure, ukiwa Ujiji kwenye siku ya ukungu milima ya Kongo haionekani na unabaki na mstari mtupu mpaka macho yanachoka.

Na cha tatu ni miti, hapa ndo nilipoachana naye. Miti yake mingi ni ile ya California na visiwa vya Pasifiki, shina refu safi, kichwa kidogo juu. Nilichora hiyo miti kwenye makava kama mwaka mzima. Siku moja nikiwa kwenye daladala natoka Simbo nikaangalia dirishani, michikichi, michikichi, michikichi, bonde zima, hii miti imetulisha Kigoma nzima, mawese tunayokula tangu tumboni mwa mama zetu, na mi nachora miti ya watu wa Los Angeles! Shina la mchikichi halina usafi ule. Lina visiki vya makuti yaliyokatwa, gamba juu ya gamba, na kwenye magamba hayo kuna majani mengine yanaota humohumo kama ndevu. Ni mti mchafu kuuchora. Jua la saa saba likiupiga kila kisiki kinatoa kivuli chake kidogo, unaweza kukaa siku nzima kwenye shina moja. Nimekaa. Natamani sana siku moja yule mzee auone mchikichi.

Nisimsahau mwenzake, Eizin Suzuki, amezaliwa 1948 Fukuoka. Watu wengi mtandaoni wanawachanganya hawa wawili. Kava la albamu ya mwanamuziki wa siti popu Tatsuro Yamashita ya mwaka 1982, For You, ni la Suzuki. Suzuki ana mistari, anazungushia kila kitu wino, majengo ya dukani, magari, rangi bapa kama karatasi zilizokatwa na kubandikwa, na picha zake zina kelele ya furaha, wakati za Nagai zimenyamaza. Suzuki ndo alikuwa anachora makava ya gazeti la FM Station, gazeti la ratiba za redio, na ndani yake kulikuwa na vikaratasi vya kukata na kuweka kwenye kava la kaseti, maana watu walikuwa wanarekodi nyimbo redioni. Hilo likanigusa sana kwa sababu nyumbani kwetu tulikuwa tunafanya hivyohivyo, redio inashika vizuri usiku, nyimbo za Kongo zinavuka ziwa, kaka yangu kidole kiko kwenye kitufe cha kurekodi na anatukataza hata kukohoa. Sema sisi vikaratasi hatukuwa navyo, baba ndo alikuwa anatuandikia majina ya nyimbo kwa kalamu, kwa mwandiko uleule wa maboti.

Kizazi cha Ohtaki nao walikuwa hivyo, walikua wanasikiliza redio ya jeshi la Marekani lililokuwa Japani baada ya vita, FEN ilikuwa inaitwa, muziki unatoka kwenye kambi za wageni unaingia kwenye vyumba vya watoto wasioelewa neno. Nafikiri ndo maana zile picha zimetokea vile. Ukisikia muziki wa mahali ambapo hujafika, unapachora kichwani, na hapo kichwani pako hakuna watu maana huwajui.

Kisha miaka ikapita, siti popu ikazeeka hata kwao Japani, mpaka miaka ya 2010 na kuendelea mtandao ukaifufua. Mwaka 2017 mtu aliweka YouTube wimbo wa Mariya Takeuchi wa 1984, Plastic Love, ukasambaa dunia nzima. Mwaka 2019 lebo moja ya Marekani, Light in the Attic, ikatoa mkusanyiko wa nyimbo hizo unaitwa Pacific Breeze, na kava wakamwendea Nagai. Hilo nalipongeza sana. Walijua sura ya muziki ule ni ya nani na wakamwendea mwenyewe.

Maana kuna upande mwingine unaoniuma. Ile picha niliyoikuta usiku ule haikuwa na jina la mchoraji popote. Nilitafuta kwa maoni ya watu mpaka nikakuta mmoja ameandika Nagai. Maelfu ya mikusanyiko inatumia bwawa la yule mzee au bwawa la kuiga na hakuna anayeandika jina. Mwaka juzi nilitengeneza kava la wimbo wa mtu mmoja, ukapigwa sana mitaani na redioni, kava likatumika kwenye mabango ya shoo zake zote, na jina langu nililoandika kwa herufi ndogo pembeni lilikuwa limekatwa. Nilimpigia, akasema bro si nilikulipa. Alinilipa kweli, elfu kumi na tano. Sikuwa nadai hela, nilitaka mtoto wangu akipita barabarani niweze kumuonyesha ile pale ni ya baba. Baba yangu maboti yake hayakuhitaji jina kwa sababu mwandiko ulimtambulisha, kila mtu kuanzia Kibirizi mpaka Kagunga alijua huu ni mkono wa nani. Nagai naye amefika hapo, unaweza kufuta jina lake lote, kile kivuli kinabaki kinasema. Mi bado natafuta.

Mwezi uliopita dogo mmoja wa Ujiji alikuja na wimbo, wimbo mzuri, anamuimbia kaka yake aliyepanda treni kwenda Dar na hajarudi wala simu hapigi. Biti imejaa kila kitu, vinanda, ngoma, watu wanaitikia. Nikamwambia nipe wiki moja, nisiharakishwe. Nikachukua plaiwudi nikateremka nayo Kibirizi siku nne mfululizo, saa sita na nusu mpaka saa nane, nikachora ninachokiona, mitumbwi mitatu imevutwa mchangani, mteremko wenye michikichi miwili, ziwa, mstari, anga. Mtu hakuna. Nikaupiga ubao picha kwa simu nikaandika jina la wimbo juu kwa herufi zilizolala kidogo kulia.

Nikampelekea ubao wenyewe kwao. Dogo akaangalia, akageuza, akaangalia tena, akasema kaka, kazi kali, lakini mbona mimi sipo? Watu watajuaje ni wimbo wangu? Nikaanza kumueleza habari za Nagai na Ohtaki na bwawa, naona kabisa haingii. Bibi yake alikuwa amekaa barazani anachambua dagaa, nilikuwa nimeshamwamkia, akasema hebu lete na mimi nione hicho. Nikampelekea. Akaushika mbali na macho kama wazee wanavyoshika, akakaa nao muda.

"Watu wako wapi?" akauliza.

Dogo akanigeukia kama anasema umeona sasa. Mi nikafungua mdomo nieleze, bibi akaniwahi.

"Ah. Wamelala hawa. Kivuli kiko chini ya mtumbwi, saa saba hii."

Akaurudisha ubao, akaendelea na dagaa zake.